Waya kwenye mashine ya kahawa

Leo nimemtukana fundi mbele ya watu, kumbe fundi mwenyewe ni mimi.

Mashine ya kukoboa kahawa hapa Kanoni ilivuta kanga ya Mama Koku, mwenye mashine. Wenzake wakabonyeza kitufe chekundu cha dharura, haikusimama! Aliiachia kanga, akapona.

Nikaitwa. Nafungua boksi, nakuta rilei ya usalama, ile swichi inayokata umeme kitufe kikibonyezwa, imerukwa kwa waya, umeme unapita tu.

"Mpumbavu gani kafanya hivi?"

Mama Koku, kajitanda kipande cha kanga kilichobaki, akajibu taratibu:

"Ni wewe, mwanangu. Msimu uliopita. Ulisema kesho unaleta rilei mpya."

Jamani.

(Mafundi wenzangu, kabla hamjanicheka, mmeacha nyaya ngapi?)

Nimefunga rilei mpya. Nikabonyeza mara kumi, mashine ikasimama mara kumi.

"Sogea," Mama Koku akaniambia. "Nibonyeze mwenyewe."