Bustani ya Dunia Kwenye Njia ya Ng'ombe

Shule niliacha darasa la pili, na sioni haya kusema. Duka langu la Garsen nililijenga kwa mikono hii, na wenye digrii walinunua sukari kwangu kama watu wengine. Ndiyo maana kijiji chetu kilipotaka mwenyekiti wa kamati ya shule hakikutafuta msomi. Kilitafuta mtu wa kuleta mabati.

Shule yenyewe tuliisimamisha wawili, mimi wa upande wa wakulima na rafiki yangu mfugaji, ambaye ng'ombe wake tangu enzi za babu yake walikuwa wakishukia kwetu kunywa mtoni. Mimi nilileta mabati, yeye akaleta watoto wa kambi yao ya wafugaji. Watu wa kambi hiyo hawakuwa wakisomesha wasichana. Yeye alimleta binti yake, akanishika mkono mbele ya watu wote.

"Huyu nakupa wewe," akasema. "Serikali mimi siijui."

Wenzake wakafuata. Katika mwaka ninaousimulia binti huyo alikuwa darasa la saba. Alibakiza mwaka mmoja tu afanye mtihani wa mwisho wa darasa la nane, na hakuna msichana wa kambi yao aliyekuwa amefika hapo.

Ulikuwa mwaka baada ya mafuriko ya El Niño. Maji yalipotoka tulikuta mto umehama, umepinda kwenda mbali na kijiji, na pale ulipokuwa ukipita pamebaki mchanga. Wakati huo huo wakaja watu wa Nairobi na wengine wa ng'ambo, wakakodi ukumbi hapo Garsen, wawafundishe walimu jinsi ya kufundisha habari za nchi za mbali. Sisi wenyeviti tuliitwa siku ya ufunguzi. Hapo ndipo niliposikia neno utandawazi. Nikainua mkono nikamuuliza mama aliyekuwa akifundisha maana yake.

"Mzee wangu, ni kwamba dunia sasa imekuwa kijiji kimoja."

"Basi jitayarisheni kwa ugomvi wa mashamba."

Ukumbi ukacheka. Mimi sikuwa nikitania.

Mama yule aliwaambia walimu waache kuanza na ramani ya ukutani. Waanze na sahani ya mtoto: mahindi asili yake Amerika, mchele Asia, na mtoto akijua chakula chake kilikotoka atataka kuwajua na watu wa huko. Maneno mazuri, sikatai. Mwalimu wetu, kijana mzaliwa wa hapa hapa, alirudi nayo yakimwaka kichwani. Akasema watoto watalima bustani yenye umbo la dunia. Amerika itapandwa mahindi, Asia mpunga, Afrika mtama na kunde, Ulaya kabichi. Australia hakuipatia kitu, akaiacha na nyasi. Bahari zikawa ardhi tupu iliyofagiwa.

Uwanja wa shule ni mgumu kama sakafu. Udongo mzuri, ule mweusi wa mafuriko, ulikuwa kwenye ukanda wa kando ya shule unaoteremka hadi mto wa zamani. Ukanda huo ndio uliokuwa malka, yaani njia inayoachwa wazi katikati ya mashamba ili mifugo ifike majini. Malka hailimwi. Hilo kwetu analijua hata mtoto anayenyonya. Lakini mto ulikuwa umeondoka, na njia iendayo kwenye mchanga tuliihesabu imekufa. Mwalimu alihesabu hivyo, nami pia, wala hakuna mzazi aliyenena. Watoto wakalima, wa wakulima na wa wafugaji pamoja, na binti yule akapewa Asia aisimamie. Wakazungushia ua wa miiba.

Kiangazi kikaingia. Ng'ombe wakarudi kutoka malishoni, na wenye ng'ombe wakashuka kuchimba visima kwenye mchanga wa mto ule ule uliokufa, kwa sababu chini maji yapo. Wakaukuta ua.

Rafiki yangu akaja dukani. Hakuketi.

"Nani amefunga malka?"

"Haikufungwa, ndugu yangu. Ni somo la watoto."

"Somo gani linafungwa kwa miiba?"

"La dunia."

"Dunia yote hii," akasema, "mahali pa kuiweka mmekosa, isipokuwa mbele ya ng'ombe wangu?"

Tukakubaliana jambo ambalo hata leo likinijia nacheka bila furaha. Ua ufunguliwe, ng'ombe wapite baharini, kati ya Amerika na Afrika, hadi visimani. Siku ya kwanza walipita vizuri. Siku ya pili walinusa maji kutoka mbali, na ng'ombe mwenye kiu hajui bahari wala nchi kavu. Asia ililiwa yote, na Afrika nusu. Wazazi wa upande wangu wakatoka na mapanga, wakipiga kelele kwamba jasho la watoto wao limeliwa. Katika purukushani ile mtu akamkata ng'ombe jike mguu wa nyuma, ikabidi achinjwe pale pale.

Jumatatu madawati ya watoto wa kambini yalikuwa matupu.

Nilimfuata rafiki yangu kambini. Akanipa chai ya maziwa, tena ya heshima, na binti amekaa mlangoni anasikiliza. Nikasema, "Ulinipa mkononi. Nirudishie nimalize kazi."

"Nitajie aliyemkata ng'ombe. Simtaki kwa damu. Nataka atajwe tu, nijue kwenu kuna mtu anayesema kweli. Kesho yake binti anarudi."

Niliuliza mlango kwa mlango. Hakuna aliyeona. Mchana kweupe, kijiji kizima kimesimama pale, na hakuna aliyeona! Nikaenda kwa mwalimu, maana alikuwa karibu zaidi ya wote.

"Mimi nilikuwa nikitazama upande mwingine, Mwenyekiti."

"Upande upi?"

Akasema polepole, "Mzee, mimi naishi hapa."

Hata mimi naishi hapa.

Wale wa semina wakaja baadaye kuona kazi ya mwalimu. Alikuwa amepanda upya na ua ameurudisha. Wakapiga picha, na yule mama akafurahia kabichi za Ulaya. Nikaombwa neno.

Nikasema, "Dunia mmeiona. Sasa nendeni mkalione darasa la saba."

Walikwenda. Mama akatazama madawati, akauliza kama ni siku ya soko. Nikamweleza yote, bila kuficha. Akasikitika kweli, nilimwona. Lakini dereva alikuwa anahimiza, barabara ilikuwa mbaya.

Binti aliozwa baada ya Ramadhani, upande wa Hola. Mwalimu aliomba uhamisho akapata. Malka ilifunguliwa tena, lakini watoto wa kambini hawakurudi.

Rafiki yangu bado tunakutana sokoni. Tunasalimiana kwa kirefu, kama desturi: habari ya mvua, habari ya ng'ombe, habari ya mgongo. Habari ya watoto hatuulizani.