Walimuuliza Baba Mkwe Habari za Tumbo Langu

Utumbo wangu ulijisokota wakati wa kupandikiza mpunga, mtoto akiwa bado hajaanza kutambaa. Daktari alinipasua kuanzia juu ya kitovu kwenda chini, akakata kipande kilichokwisha kuoza, akashona. Hayo nilisimuliwa baadaye. Mimi ninachokumbuka ni kiu. Kabla ya kupasuliwa unanyimwa maji, baada ya kupasuliwa unanyimwa maji, halafu muuguzi anakwambia kumbatia mto ukohoe, sasa amka utembee. Nitembee na nini? Lakini nilitembea, nimejishika tumbo kama mwizi aliyeficha kuku, maana waliniambia asiyetembea mapafu yanaharibika, na mimi nilikuwa na mtoto anayenyonya.

Siku ya kuruhusiwa alikuja dada mmoja, kijana kama mimi, koti jeupe na raba miguuni. Alisema wanafanya utafiti wa watu waliofanyiwa upasuaji mkubwa. Hospitali inamjua mgonjwa mpaka mlangoni, akasema, yanayompata nyumbani haiyajui, na wengi wanaharibikiwa hukohuko. Kwa hiyo watanipigia simu kuniuliza naendeleaje. Nilikubali. Nilifurahi hata, kwamba kuna mtu mwenye elimu atakaa mahali aulizie tumbo langu.

Simu yangu ilikuwa imepasuka kioo. Mume wangu anaendesha bodaboda Ipinda, na simu yake kuipata hewani ni bahati. Akafikiri, akatoa namba ya baba yake.

"Ya mzee ni ya tochi," alimwambia yule dada. "Inakaa na chaji wiki nzima."

Mimi wakati huo nilikuwa nahangaika kuvaa gauni bila kugusa bandeji. Hakuna aliyeniuliza.

Wangeniuliza ningekataa palepale. Sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Siku hizi wengi wameacha, mjini wanakula meza moja. Kwa wakwe zangu Bujonde, ninakoishi, hawajaacha. Baba mkwe akitokea njiani mimi naingia kwenye mikakao mpaka apite. Simtazami, simsemeshi, jina lake silitaji. Yeye naye hivyohivyo. Tangu niolewe hakuwahi kuniambia neno. Si mtu mbaya. Akipata samaki mzuri anamwachia mama mkwe maagizo: "Mama mtoto ale kichwa." Lakini ndiye huyo waliyempa kazi ya kueleza mwili wangu.

Nyuzi nilitolewa zahanati. Baada ya hapo mvua ikakaa, barabara ikawa tope tupu. Kidonda upande wa chini kikawa chekundu, kikavimba, kikafunguka mdomo. Mama mkwe alikitazama akasema, "Huo ni uchafu unatoka. Ukiisha, utapona," akachukua kapu lake akaenda shambani. Mimi nimefika kidato cha nne. Biolojia nilifaulu. Najua usaha hauagi ukaondoka wenyewe.

Mume wangu alipokuja Jumapili nikafunua kanga aone. Akaona, akageuza uso.

"Hospitali si walisema watapiga?" akasema. "Tungoje wapige. Watatuambia la kufanya."

"Na wasipopiga?"

"Mke wangu, hao watu wamesoma. Watapiga."

Basi tukawa tunangoja simu. Mtu ana homa, ana shimo tumboni, anangoja simu.

Na walipiga. Nilikuwa nimekaa jikoni nyuma ya nyumba, mtoto mapajani, natetemeka na jua lote lile. Baba mkwe yuko barazani, ukuta mmoja kati yetu. Sikio lake moja limeziba, kwa hiyo simu huiweka sauti ya nje, na kijiji kizima kinasikia. Nilimtambua yule dada wa raba.

"Shikamoo mzee. Tunapiga kutoka hospitali. Tunamuulizia mgonjwa wetu aliyepasuliwa tumbo. Yupo karibu niongee naye?"

Nilisikia kiti kikilia.

"Yupo," baba mkwe akasema. "Ila hapa hafiki."

"Wewe ni nani yake?"

"Mimi ni baba."

"Sawa baba. Kidonda kimekauka?"

"Kimekauka."

"Kinatoa usaha?"

"Aa-a."

"Homa je?"

"Hana."

"Choo anapata vizuri?"

Hapo mzee alikohoa mpaka nikadhani anapaliwa. "Binti," akasema, "huyo ni mzima. Hajambo kabisa. Tunashukuru. Ndaga fijo."

"Asante baba, umetusaidia sana."

Simu ikakatwa. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaingoja.

Nilikasirika mpaka homa ikapoa kidogo. Kumwita siwezi, kumfuata barazani siwezi. Nikamwinua mtoto nikamgeuzia ukutani.

"Mwanangu," nikasema, kwa sauti ya kuita watu walio shambani, "mwambie babu yako kidonda cha mama yako kimefunguka. Mwambie kinanuka. Na mwambie, aliyesema hajambo ajiandae kukunyonyesha mwenyewe."

Mtoto alikuwa anatafuna ncha ya kanga. Nikatega sikio ukutani. Nikafikiri ameondoka.

"Mjukuu wangu," sauti ikaja polepole, "mwambie mama yako, mimi ningejuaje?"

"Mwambie babu angeuliza."

"Ningeuliza kwa mdomo gani, mjukuu?"

Nilikaa tu, nimeegemeza kichwa ukutani. Kisha nikasikia anatafuta viatu vyake.

"Mwambie mama yako avae," akasema. "Naenda kuita pikipiki. Na bibi yako nitampitia shambani."

Pikipiki ilipokuja alikuwa amesimama huko barabarani, kwenye tope, amenipa mgongo anaangalia mikakao ili nipite. Nikapita nimeinamisha kichwa. Mama mkwe alikaa nyuma yangu amembeba mtoto, matope ya shamba bado miguuni, hakusema tena habari za uchafu unaotoka.

Hospitali walikifungua kidonda upya upande wote wa chini wakakiacha wazi, kinasafishwa kila asubuhi. Daktari alisema kilikuwa kinaelekea ndani. Maziwa yalipungua. Mama mkwe alikuwa anamkorogea mtoto uji nje ya wodi, na mtoto anautema.

Yule dada alinikuta kitandani. Alisimama akanitazama.

"Si wewe wa Bujonde? Mbona kwenye daftari letu unaonekana umepona?"

"Nani kasema nimepona?"

"Baba yako. Niliongea naye mwenyewe."

"Baba yangu yuko Makwale na hajawahi kumiliki simu. Uliongea na baba mkwe."

Hakuelewa. Si mtu wa huku. Kwao, alisema, baba wa nyumba ndiye anayejua habari zote. Ikabidi nimweleze yote, mikakao, ukuta, kila kitu, na kuongea kwenyewe kunavuta kidonda. Alipoelewa alivuta kigoda akakaa.

"Namba nyingi nilizopewa ni za wazee," akasema. "Na karibu wote wanasema hajambo."

"Sasa wapigie tena. Sema unamtaka mwenye tumbo. Akisema hafiki, mwambie simu ipelekwe na mama mkwe, hata na mtoto."

"Muda tuliopangiwa wa kuwapigia umeshapita."

"Muda wa nani? Wa kidonda?"

Alikuwa amechoka na yeye, niliona, macho yamemuingia ndani. Sikumwonea huruma. Kuna mwanamke mahali fulani, Ipinda au wapi, amekaa jikoni anatetemeka, na kwenye hesabu zao ni mzima. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema atawauliza wakubwa wake. Nikamwambia, wakati unawauliza, piga. Akasimama, akashika simu yake, akatoka nayo nje.

Sijui kama alipiga. Sikumwona tena kabla sijaruhusiwa. Kesho yake asubuhi muuguzi aliingia na sinia ya kusafishia, akauliza leo tunaendeleaje. Mama wa kitanda cha pili akajibu tunaendelea vizuri, kama kila siku. Mimi nikamwambia vibaya, na aanzie chini, upande wa kushoto, ndiko kunakonuka.