Kikohozi cha Kazi

Mama mdogo wangu haanzi na uso. Mletee kisanamu cha kauri, binti mwenye mashavu mekundu na kikapu cha maua, atampindua miguu juu kichwa chini bila haya yoyote na kumkagua kitako. Anasema huko chini ndiko mafundi hawakujisumbua kupamba. Anatafuta mhuri wa kiwanda, kisha uchakavu. Kisanamu kilichokaa kabatini miaka mingi huwa kimelika pale tu kinapogusa ubao. Cha juzijuzi kilichozeeshwa kwa msasa kimelika kila mahali, na hicho Mama mdogo hukirudisha kwa mwenyewe huku akisonya.

Mtaani wanamwita Daktari wa Kauri. Watu humletea vitu vya urithi na vya mnadani, wakitaka kujua kama ni vya kale kweli na vina thamani gani. Mimi nayajua haya kwa sababu cherehani yangu iko kwenye kona ya duka lake. Mikono inashona, masikio yanazurura.

Kipimo chake cha mwisho ni mlio. Hugonga kwa ukucha, akafumba macho, akasikiliza. Kauri nzima hulia kama kengele ndogo. Iliyovunjika ikaungwa hutoa mlio mfu, hata kama gundi imefunikwa kwa rangi na jicho halioni kitu, na thamani yake huanguka vibaya.

Sasa hebu fikiria mtu wa kazi hiyo anapoanza kuwa kiziwi. Nilijua kabla hajasema, maana alianza kunijibu maswali ambayo sikuuliza. Ndipo Baba mdogo, mumewe, mstaafu asiyejua kutofautisha kauri na bakuli la plastiki, alipoanza kushinda dukani. Alikaa nyuma yake na gazeti. Mama mdogo akigonga, yeye anasikiliza. Kikiwa kizima, kimya. Kikiwa kimeungwa, anakohoa, na Baba mdogo akikohoa hata kiziwi anasikia. Wateja walimwonea huruma kwa kifua chake kibovu. Mimi niliitunza siri yao, nikawapenda zaidi.

Siku moja wakaingia wanawake wawili waliovimbiana. Mmoja alibeba kisanamu kilichoviringishwa kwenye sweta kuukuu: msichana aliyekumbatia bata. Kilikuwa cha mama mkwe wake, aliyefariki majuzi baada ya kuugua muda mrefu. Mwingine alikuwa wifi yake, binti wa marehemu, na hakungoja kuulizwa.

"Tazama shingoni, kuna mstari. Mama alikipenda hiki kuliko macho yake. Huyu alikiangusha mama akiwa kitandani, akakiunga kimyakimya, akamwacha afe hajui."

"Sikukiangusha," alisema mwenzake. "Nimemuuguza mama yako kwa mikono hii. Ningekivunja ningemwambia."

"Basi daktari aseme. Ukoo mzima unasubiri."

Nilisimamisha cherehani. Mama mdogo akampindua msichana, akamkagua, akamsimamisha, akagonga. Kikalia vizuri, hata mimi nilisikia kule kwenye kona. Na papo hapo Baba mdogo akakohoa, mara mbili, kwa nguvu zake zote. Tangu jana yake alikuwa na mafua.

"Kimeungwa," alisema Mama mdogo.

"Nilisema mimi!"

Yule mkwe hakubisha tena. Alivuta sweta akaanza kukifunga taratibu. "Alikufa amenishika mkono," alisema. "Sasa nitaitwa mwongo kwenye nyumba yake."

Ulimi uliniwasha. Lakini nikisema, ninamvua nguo Mama mdogo mbele ya watu. Nyuma ya gazeti, Baba mdogo alikuwa anatikisa kichwa, amejiziba pua kwa leso, macho yanamtoka. Mama mdogo akageuka akamwona. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Kazi yake yote na jina lake lote vilikuwa kwenye masikio ambayo watu waliamini anayo.

"Subiri, mwanangu, usikifunge," alisema. Kisha akamwuliza mumewe, kwa sauti: "Mzee, hicho kikohozi ni cha kazi au cha mafua?"

"Cha mafua, mke wangu. Kimelia safi kabisa."

Wifi mtu akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani hapa anayepima ni nani?"

"Sote wawili. Mimi masikio yamenikimbia, yeye ananisikilizia. Nimekosea, nisameheni. Lakini meno bado ni yangu."

Akafuta shingo ya msichana, akaipitisha polepole kwenye meno yake ya mbele. Kazi ya gundi na rangi huwa laini kwenye jino; kauri ni ngumu na ya baridi. Akarudia upande wa pili.

"Kichwa na mwili huumbwa mbalimbali, vikaunganishwa kabla ya kuchomwa," alisema. "Mstari huu ametoka nao tanuruni. Msichana huyu ni wa kale, ni mzima, na ana thamani kubwa. Hakuna aliyemwangusha."

Wifi mtu alikigonga mwenyewe. Akagonga tena. Halafu akachukua lile sweta, akakifunga kama anayemvisha mtoto, akampa mwenzake mikononi.

"Nisamehe, wifi," alisema, na wote wawili wakaanza kumlilia mama yao dukani kwetu.

Walipoondoka, Mama mdogo alishika tama. "Sasa mtaa mzima utajua."

"Na wajue," alisema Baba mdogo. Akabeba kiti chake kutoka nyuma akakiweka ubavuni mwa mkewe, mbele ya kila mtu.

Wateja hawakupungua. Kukohoa kumefutwa, siku hizi wana mpango mpya: kikiwa kizima, Baba mdogo anamshika mkono, kikiwa kimeungwa, asimshike. Hilo la pili limemshinda kabisa, na Mama mdogo imebidi arudie kutumia meno.