Dunia Tuliyoichora Kwenye Mtungi

Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha kwenye simu: dunia nyingine huko juu, nyekundu kama udongo wa kwetu Nkowe, na wataalamu wameshaipa milima yake majina. Nikamwambia hata mimi nimewahi kuchora dunia ya namna hiyo. Akacheka mpaka akakaa chini. Basi nakusimulia wewe, maana wewe hukimbilii kucheka. Ila nivumilie. Shule niliishia darasa la pili, na nikianza jambo huwa napitia kwanza kwa majirani.

Mwaka ule dada yangu alikuwa anangojea kuingizwa unyagoni. Mavuno yamekwisha, mtama umeshapanda darini, wanawake wanatwanga unga wa sherehe kutwa nzima, na harufu ya karanga za kukaanga inatufuata hadi kisimani. Ya ndani ya unyago siyasemi. Ninachosema ni kwamba mwari akishatoka, michezo ya watoto basi. Haigusi tena, hata mdogo wake akimlilia. Na sisi tulikuwa na mchezo mmoja haujaisha.

Mchezo wenyewe ulianzia kwa mjomba. Alikuwa Nachingwea, kwenye yale mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, akiwavutia wapima ardhi mnyororo wa kupimia. Alikuja kwa baiskeli na habari kwamba Wazungu wanaweza kukunja pori zima wakalitia mfukoni, likiwa limechorwa kwenye karatasi. Tukaona pori letu limeshapata wenyewe. Sisi tuchore dunia yetu, ambayo hajaipima mtu. Tukaichora kwa mkaa ukutani, nyuma ya jiko. Mto tuliupitisha mlango kwa mlango, maana tulichoka kuchota maji mbali. Ndege wanaokula mtama hatukuwaweka kabisa. Tulikuwa tumewaamia shambani miezi, tukiwafukuza kwa kelele mpaka sauti zikakauka. Simba tuliwapa kisiwa chao.

Mjomba akaja kukagua, mikono nyuma kama bwana mpimaji. Akauliza mtu wa huko akikojoa hapa pembeni, mkojo unaangukia wapi. Akasema dunia zote ni za mviringo, kama mitungi ya bibi. Tukamcheka, tukasema jua la Nachingwea limemwingia kichwani. Lakini kesho yake dada aliamka na uso wa kazi, akaufuta ukuta wote.

Bibi yetu alikuwa mfinyanzi. Tukamwomba mtungi mmoja mbichi. Alikataa siku mbili. Ya tatu akatupa mmoja uliopinda shingo, kwa masharti. Tusichimbe sana, kwani udongo uliochorwa kwa kina hupasuka motoni. Na tumalize kabla haujakauka, maana ukikauka haupokei mstari. Siku tano, alisema. Dada alikuwa amebakiza sita.

Tulichora kwa kipande cha spoki ya baiskeli ya mjomba. Asubuhi kabla ya kisimani, adhuhuri wenzetu wakila mihogo, kisha tunaufunika kwa tambara bichi. Dada alikuwa mkali, nakwambia. Nikiuweka mlima vibaya, anaulaza kwa kidole chenye maji.

"Huo utaupandaje na ndoo kichwani? Anza upya."

Nilianza upya mlima mmoja mara nne.

Siku ya nne wanawake wakabadili shauri: wari wataingia kesho alfajiri. Kitako cha mtungi kilikuwa bado kitupu. Dada akaitwa kwenda kunyolewa. Akasimama, akanipa ile spoki.

"Huku chini kuwe kwako," akasema.

Nikamwambia nitamwonyesha akitoka.

"Usinionyeshe. Wewe maliza tu. Dunia isibaki na shimo."

Siku ya tano niliimaliza peke yangu. Nililia, siwezi kukuficha, lakini mkono haukusimama. Mtungi ulipokauka vizuri, bibi aliuchoma kwa magome na nyasi, ukatoka mzima, na doa jeusi ubavuni pale moto ulipoulamba.

Dada alitoka amepakwa mafuta, ana kanga mpya, macho chini, nikaambiwa nimsalimu kama mtu mzima. Aliupita ule mtungi bila kuutazama. Alipoolewa Kilimarondo, bibi alimpa aende nao, na huko ukakaa mchangani umejaa maji, kitako chini, miaka mingi.

Sasa dada ni marehemu. Mtungi ulivunjika katika kuhamahama. Mashamba ya karanga Wazungu waliyaacha, pori likarudi, na Nkowe sijui kama yupo anayefinyanga. Nimejaribu kuichora tena dunia yetu, nikaona ajabu. Kile kitako nilichokichora peke yangu nakikumbuka chote, hadi njia za mbuzi. Ule ubavu tuliouchora wawili ndio umenitoka. Nadhani sehemu ile nilimwachia yeye aikumbuke.