Siku Tisa za Kuchora Mkahawa wa Mama

Wakuu, mwaka 1989 nilipiga marufuku pasi nyumbani kwetu kwa siku tisa.

Pasi, birika la umeme na mashine ya kufulia. Mtu akiwasha viwili kwa pamoja fyuzi inakatika, na fyuzi ikikatika kazi yangu yote inaanza upya. Dada yangu Zambeta alienda kazini wiki nzima na blauzi yenye makunyanzi, kaninunia hatari.

Na kazi yenyewe? Nilikuwa nachora mitungi ya peremende.

Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi, mbele huko hamtacheka.

Tuliishi mji mdogo magharibi mwa New South Wales, Australia. Wazazi walitoka Kythera, na kama Wagiriki wengi wa kisiwa kile walifungua mkahawa: nyama na mayai kwa wachunga kondoo, maziwa ya barafu kwa wasichana, peremende kwa watoto. Baba alitangulia kufariki. Mwaka 1971 mkahawa ukateketea, na picha zote ndani, maana Mama alizitundika ukutani nyuma ya kaunta. Haikubaki hata moja.

Februari ile daktari wa macho kule Dubbo akatuambia sukari imeshaharibu macho ya Mama. Jicho la kulia basi. La kushoto labda litafika katikati ya mwaka, labda lisifike.

Mama alimsikiliza, akachukua mkoba wake, akaniuliza mji huu kahawa nzuri iko wapi. Ndivyo alivyokuwa.

Ila kwenye gari, tukiwa tumeshatoka mjini, akasema kwa sauti ndogo, "Stratis, ningeuona mkahawa wangu mara moja tu, ningetosheka."

Mimi nilikuwa na Amiga, kompyuta ya nyumbani ya enzi zile.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, sina mke, sina mpango, nina kompyuta. Na klabu yetu ya kompyuta, ya watu sita, ilikuwa imepata diski yenye programu mpya. Hii huchori kwa mkono. Unaiandikia kwa namba: hapa pana mpira, ukubwa huu, wa kioo, hapa pana taa, hapa pana sakafu. Kisha yenyewe inapiga hesabu ya kila nukta ya picha: mwanga umetoka taa ipi, umegonga nini, umepita kwenye kioo gani hadi ukafika machoni.

Na ilichokijua kuliko vyote ni vioo, vyuma vinavyong'aa, na sakafu ya mraba mweusi mraba mweupe.

Mkahawa wa Mama ndio ulikuwa huo! Sakafu ya miraba, kaunta ya chuma, kioo ukuta mzima, mitungi ya peremende imepangwa juu. Nikaona kabisa hii imetengenezwa kwa ajili yake. Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa mdomo wangu huu.

Mashine haikutosha. Clarrie, mzee wa klabu aliyestaafu reli, akaja akafungua kifuniko cha chini, akachomeka kumbukumbu ya ziada. Bado haikutosha. Nikatengeneza diski ya kuwashia iliyovuliwa kila kitu, hata saa nikaitoa, ili kila tone la kumbukumbu liende kwenye hesabu. Matokeo yake programu haikuweza kuonyesha picha ikiwa kazini. Ilionyesha namba ya mstari tu. Mstari wa 3 kati ya 200. Unasubiri, picha utaiona mwisho.

Clarrie akanipa sheria moja. Kila ukibadilisha kitu, hata kidogo, anza na picha ya ukubwa wa stempu. Stempu inachukua saa chache. Ikitoka sawa, ndipo uchore kubwa.

"Mtu asiyepiga stempu hana akili," alisema, na alikuwa haniambii kwa utani.

Basi kuanzia Machi Mama akawa anakaa nyuma yangu kwenye kiti cha jikoni, anasimulia, mimi naandika namba. Vipimo vyake vilikuwa vya mwili. Kaunta ilimfika hapa, chini ya mbavu. Nikaleta futi nikampima mbavu. Kutoka kaunta hadi mlangoni hatua kumi na moja. Akasimama akatembea hatua kumi na moja kwenye korido, mkono mmoja unapapasa ukuta.

Mimi nilikuwa nimeinama, naangalia futi.

Ikaja Pasaka, mwisho wa Aprili. Tukagonganisha mayai mekundu kama desturi yetu Wagiriki. Mama akalikosa yai langu, akanigonga kidole gumba. Mimi naye tulicheka mpaka machozi. Zambeta hakucheka, nikajua bado ana hasira za pasi, maana hata stempu zilikuwa na marufuku yake.

Kahawa nayo Mama alikuwa ameacha kujimiminia. Nikasema uzee.

Katikati ya Mei kila kitu kilikuwa tayari. Stempu kumi na nane nimepiga, ya mwisho imetoka safi. Nikamwambia Mama kesho asubuhi naanza kubwa, siku tisa.

Akauliza, "Taa umeweka?"

Nikamwambia zipo tatu, juu ya kaunta.

"Ndani ya globu?"

Globu gani? Nilikuwa nimezisahau kabisa. Akaniambia zile za kioo cheupe kama maziwa. Baba alipanda ngazi mwenyewe kuzifunga, wiki ambayo Zambeta alizaliwa. "Bila globu siyo mkahawa wangu," akasema.

Haya. Nikaongeza mipira mitatu ya kioo cheupe, kila taa nikaizungushia mpira wake. Dakika kumi tu.

Stempu? Stempu ingekula nusu siku, na kwa globu zile mpya labda siku nzima. Nilimfikiria daktari wa Dubbo. Nikasema mipira mitatu itaharibu nini, nikabonyeza.

Mstari wa 1 kati ya 200.

Siku tisa, wakuu. Mstari mmoja zaidi ya saa. Niliomba likizo. Nilikula pale pale, nikilala nalala kwenye zulia. Mama alikuwa anakuja mlangoni anauliza tumefika wapi, namjibu bila kugeuka: hamsini na mbili, Mama. Mia na kumi. Mia na sabini na tano. Anasema vizuri mwanangu, anaondoka polepole. Siku tisa nilimpa mgongo.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, ikamaliza.

Nikamwita. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na bruchi ya harusi yake kifuani. Zambeta alimshika mkono akamkalisha, akatoka haraka kwenda kazini. Nikaweka diski nyingine, nikaiita picha.

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

Nikasubiri. Cheusi. Nikabonyeza tena, picha ikafunguka tena, ile ile, imekamilika mistari yote mia mbili, nyeusi tii juu mpaka chini.

Nilielewa papo hapo. Programu ile kioo ilikijua kwenye kuona tu. Kwenye kupiga kivuli, kioo na jiwe kwake ni kimoja. Nilikuwa nimezifungia taa zangu tatu ndani ya mawe matatu. Hakuna hata chembe ya mwanga iliyotoka. Siku tisa mashine ilikuwa inapiga hesabu ya giza.

Nikawa natafuta maneno ya kumwambia.

Mama akashika kifua.

"Ndio wenyewe," akasema. "Stratis, ndio wenyewe. Tazama sakafu inavyong'aa."

Nikageuka.

Alikuwa anatabasamu. Akanyoosha kidole. "Na mtungi wa peremende za mnanaa, ule wa mwisho, umeukumbuka." Kidole kilikuwa kinaelekea pazia la dirisha.

Nikayatazama macho yake. Kwa mara ya kwanza tangu Februari nikayatazama. Yalikuwa yamepita juu ya bega langu, hayajashika kitu.

Sikuweza kusema, "Mama, ni nyeusi." Sikuweza kusema, "Mama, huoni." Nikasema, "Na globu je?"

"Zimewaka vizuri," akasema. "Baba yako angefurahi."

Nilitoka nikaenda kulia bafuni, bomba nimelifungulia.

Mama alifariki Agosti, kwa ugonjwa wa moyo. Siku ya arobaini, tumetoka kanisani, ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu iko mezani, nikamuuliza Zambeta alijua tangu lini kwamba Mama haoni.

"Kabla ya Pasaka. Alikuwa haoni hata dirisha."

"Ukanyamaza?"

"Aliniapisha. Alisema mwache amalize, asije akaishi na ahadi nusu."

Nikamwambia ukweli. Kwamba ile picha ilitoka nyeusi, hapakuwa na sakafu wala mtungi.

Zambeta akasogeza sahani ya ngano pembeni. Kisha akasema Mama alikuwa anamwambia karibu kila siku kwamba haidhuru yeye haoni, alau mkahawa sasa upo, uko chumbani kwa Stratis, haujaungua wote. Ndiyo ilikuwa faraja yake. Ile tu.

Na ilikuwa uongo. Wangu.

Nikarudi kwenye mashine. Nikazitoa taa nje ya globu, nikapiga stempu kama mtu mwenye akili, kisha kubwa. Siku tisa tena. Zambeta safari hii hakugusa pasi, na sikuwa nimemkataza.

Ikatoka. Wallahi ilikuwa nzuri. Miraba inaingia hadi ukutani, mitungi inaonekana mara mbili kwenye kioo, globu tatu nyeupe juu. Kila hatua ya zile kumi na moja.

Zambeta aliitazama amesimama, mkoba begani. Alikuwa amekulia mle ndani, alijua kila kona. Akaanza kulia.

"Ni penyewe kabisa," akasema. "Ila hamna mtu."

Kweli. Nyuma ya kaunta palikuwa patupu. Programu ilijua mipira na masanduku, mtu ingemchora vipi. Na ningeambiwa nimchore Mama nisingejua nianzie wapi. Kimo cha mbavu zake ninacho mpaka leo kwenye daftari. Uso wake wa mwaka ule, wa Machi hadi Mei, sina, kwa sababu alikuwa nyuma yangu.

Diski imeshaoza, haisomeki tena.

Ninyi mnaohangaika kumfanyia mzazi jambo kubwa, sawa, fanyeni. Ila siku ikipita bila kumtazama usoni, jueni hiyo hairudishwi na mashine yoyote. Mimi nilikuwa na miezi mitatu na mama yangu yuko hatua mbili nyuma ya kiti changu, na sikugeuka.