Verlin wa Nne na Dumu la Mafuta ya Sheli

Watu wengi wakivunja sheria za mbio za magari, wanavunja ili waende kasi. Verlin Disch alivunja ili aokoe karibu dola sita kwa kila galoni. Ndiyo maana kesi yake hata kuikasirikia ilitushinda.

Verlin ni dereva wa lori la maziwa hapa kwetu Wisconsin, upande wa kusini wanakotengeneza jibini. Asubuhi anazunguka kwa wafugaji, anafyonza maziwa kwenye matangi yao, anayapeleka kiwandani. Ana mikono mipana, sauti ndogo, na kofia moja tangu alipooa. Kumwita bahili ni kumsitiri. Ukimnunulia bia anaipokea vizuri tu, ila zamu yake ya kununua ikikaribia anakumbuka kuna ng'ombe wake anazaa, na ng'ombe hana hata mmoja. Mkewe, Rosalie, hupenda kusema: "Pete alinivisha ya kweli, sikatai. Kisanduku chake ndicho alikirudisha dukani."

Sasa mtu wa namna hii akipenda mbio za magari, kazi ipo, maana mbio zinakula pesa kuliko harusi. Tairi pesa, breki pesa, na juu ya yote mafuta. Uwanja wetu wa Yellowbank ni kamviringo kadogo ka lami katikati ya mahindi, na sheria yake ya mafuta ni fupi: unachokitia kwenye tangi siku ya mbio umekinunua kwenye pipa la uwanja. Pipa ni dola tisa kwa galoni. Sheli ya mjini ni tatu na ushee. Wenye uwanja wanasema ile tofauti ndiyo inayolipa zawadi. Madereva wanasema mengine, ila wanayasema wakiwa wamejipanga foleni.

Anayeuza ni Bi Bernadine Klassy, mjane wa miaka sabini na kitu, na anayekuuzia ndiye anayekupima. Mbio zikiisha, magari matatu ya kwanza yanasimama mbele ya meza yake. Anavuta mafuta kidogo kwa mpira, anayatia kwenye kichupa kirefu chenye maji, anatikisa, anangoja. Mafuta ya sheli huku kwetu yana spiriti ya mahindi ndani yake, na spiriti ikiona maji inaihama petroli na kuyafuata. Mstari wa maji ukipanda, umekwisha. Ya pipa hayana spiriti, mstari unakaa palepale.

Wanaopimwa ni watatu tu. Watu wana ng'ombe wa kukamua, hawawezi kushinda pale wakitazama vichupa.

Verlin aliliona tundu hilo kama panya anavyoona ghala. Jumamosi anajaza dumu lake kwenye sheli ya mjini. Jumapili anapanga foleni kwa Bi Bernadine, ananunua galoni moja ya kuonekana nayo, anasalimia kwa sauti. Halafu anaendesha na kumaliza wa nne.

Msicheke, wa nne ni mgumu. Ukitaka wa kwanza unakanyaga tu. Ukitaka wa nne lazima uwe na hesabu, subira na kioo cha pembeni. Misimu miwili mizima Verlin alikuwa akiikaribia nafasi ya tatu, mguu unajiinua wenyewe kwenye kona ya mwisho, mtu anampita. Watu wakamwita Verlin wa Nne na kumwonea huruma. Kina mama walimletea keki.

Aliyemhurumia kuliko wote ni shemeji yake, kaka wa Rosalie, Dewey Legler. Huyu ni fundi jibini, mkubwa kama mlango wa zizi, akicheka unamsikia ng'ambo ya barabara. "Shem," alikuwa akimwambia, "gari lako ni la wa tatu kabisa. Ugonjwa wako uko moyoni."

Dewey naye alikuwa na ugonjwa wake: kombe la msimu. Amelifukuzia toka ana nywele. Mara mbili alilikosa kidogo tu, na mara zote mbili tulimwona amekaa nyuma ya trela lake, akijifanya anatafuta spana. Mwaka huu akawa anaongoza. Imebaki Jumapili moja, na akimaliza wa tano au juu zaidi, kombe lake. Mji mzima ulikuwa umeipiga hesabu hiyo, mpaka mchungaji.

Jumapili hiyo maziwa yakagoma kuganda. Jibini haina habari na kombe. Dewey akasimama juu ya sufuria lake kubwa akiyabembeleza, na alipofika uwanjani wenzake walikuwa wanavaa helmeti. Akakimbia na dumu lake tupu mpaka kwa Bi Bernadine.

"Pipa limekauka, Dewey."

"Agiza lingine."

"Mwisho wa msimu? Likae hapa msimu wote wa theluji tukitazamana nalo?"

"Sasa mimi niendeshe kwa maombi?"

"Azima. Una ndugu humu ndani."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Huko nyuma ya uwanja, tunakoegesha matrela, kuna desturi iliyo kali kuliko sheria: hunyimi. Jeki, tairi, spana, mafuta, mtu akiomba unatoa, hata kama wiki iliyopita alikusukuma ukutani. Kuna bwana mmoja zamani alimnyima mwenzake nati ya gurudumu. Mpaka leo watoto wake wanatambulishwa kwa nati hiyo.

Dewey akaja moja kwa moja kwa Verlin, na nyuma yake nusu ya uwanja, maana kila mtu alitaka kuona kombe linaokolewa.

"Shem, nipe galoni nne."

"Nne?"

"Nitakulipa."

"Si suala la kulipa," akasema Verlin.

Rosalie, aliyekuwa akigeuza soseji kwenye jiko la mkaa, akaacha kugeuza. Sentensi hiyo hakuwahi kuisikia ndani ya nyumba yake. "Verlin, una homa?"

"Sina homa. Ila mafuta haya… nadhani yameingia maji."

Dewey akafungua dumu, akanusa, akampa na jirani anuse. "Yako safi. Shem, wewe hata maji yakiingia unayachuja."

Watu wakacheka. Verlin akawatazama wote, akamtazama Dewey, akaona hakuna pa kutokea. Aseme ukweli pale, mbele ya foleni nzima iliyolipa dola tisa? Anyime, aitwe kwa dumu mpaka kaburini? Akamimina. Lakini mkono ni mkono. Galoni mbili zilipotimia, ukainuka wenyewe kama ule mguu.

"Mbili?" akauliza Dewey.

"Zinatosha. Mizunguko ishirini na mitano tu."

"Mungu akuzidishie, shem, maana mwenyewe hujizidishii."

Verlin akamvuta pembeni kwa mkono. "Nisikilize. Leo wa tano anakutosha. Kaa nyuma, tulia, usishindane."

"Nilichukue kombe nimejificha?" Dewey akavaa helmeti. "Mimi si wewe, shem."

Wakapanga. Kwetu mwenye pointi nyingi anaanzia nyuma, ili watu waone kazi. Kwa hiyo Dewey yuko mkiani, Verlin katikati, na bendera ya kijani ikashuka.

Verlin akaingia nafasi yake ya nne kama mtu anayekaa kwenye kiti chake kanisani. Akatazama kioo. Gari jekundu la Dewey linapanda, limepita mmoja, limepita wawili. Akajituliza: mimi wa nne, yeye wa tano, kombe lake, hakuna wa kupimwa, twende nyumbani.

Basi tairi la yule wa tatu likapasuka.

Bendera ya njano ikapepea, wote wakapunguza mwendo, wakazunguka polepole huku gari lile linaburutwa nje, mizunguko mingi tu. Na wa nne sasa ni wa tatu. Verlin akajikuta kwenye nafasi aliyoikwepa misimu miwili. Mguu ukaanza kujiinua, kwa mazoea. Akatazama kioo ili aone ni nani atakayempisha.

Dewey.

Akimpisha, Dewey ni wa tatu. Dewey ni wa tatu, Bi Bernadine anatikisa kichupa, maji yanapanda, pointi zinafutwa, kombe linakwenda. Na Dewey atakaa nyuma ya trela akitafuta spana, bila kujua kosa lake ni nini. Asipompisha, kichupa ni chake yeye.

Kijani tena, imebaki minane. Verlin akaukanyaga mguu wake mwenyewe, tuseme hivyo. Dewey akija kwa ndani, Verlin yuko ndani. Akienda nje, anamkuta nje. Tulisimama kwenye mabenchi. Hakuna aliyejua Verlin anaweza kuendesha hivyo. Tulimjua kwa keki. Dewey akamgonga nyuma kidogo kumwambia pisha. Akamgonga tena kumwambia wewe ni shemeji wa namna gani. Verlin haoni, hasikii. Kona ya mwisho gari jekundu likakohoa, likajikaza, likakohoa tena, na wakavuka mstari wamefuatana: Verlin wa tatu, Dewey wa nne na kombe lake mkononi.

Wa nne huwa anapitiliza kwenye trela lake. Gari la Dewey likazima palepale kando ya meza ya Bi Bernadine. Akashuka anatoa moshi kuliko injini.

"Verlin. Misimu miwili unawapisha hata wanaotembea kwa miguu. Leo zamu yangu unakuwa ukuta?"

"Dewey, sukuma gari lako uende zako."

"Siendi. Nieleze."

"Kombe umepata. Nenda."

"Sitaki kombe, nataka maelezo."

Bi Bernadine ameshavuta, anatikisa. Verlin akaona hana muda. Akamshika Dewey sikio, kweli sikio, akamnong'oneza: "Mafuta yangu ni ya sheli. Uliyonayo ni hayohayo. Sasa sukuma."

Fundi jibini amezoea kuona kitu kikiganda polepole, na sasa kilikuwa kinaganda usoni pake.

"Ya sheli?" akanong'ona. "Wewe unaiba ili uende taratibu?"

"Sukuma."

Hawakufika popote. Bi Bernadine aliinua kichupa juani, mstari wa maji umepanda kama bei. "Verlin Disch," akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma jina kwenye chupa ya dawa. "Umetoka. Na wa tatu akitoka, wa nne anapanda. Dewey, fungua tangi."

Hilo Verlin hakulifikiria. Misimu miwili ya hesabu, na hilo halikumpitia kichwani hata mara moja. Akasema kwa haraka, "Bi Bernadine, huyu hana kosa. Kama kuna kosa ni—"

"Nimesema fungua tangi, sijasema fungua mdomo."

Dewey akafungua. Bi Bernadine akaingiza mpira, akavuta. Hakuna. Akausukuma chini zaidi, akavuta tena. Ukatoa sauti ya mtu anayemalizia soda kwa mrija. Wote watatu wakautazama ule mpira.

"Kavu," akasema Bi Bernadine.

"Aliniazima galoni mbili tu," Dewey akasema polepole. "Niliomba nne."

Bi Bernadine akamtazama Verlin muda mrefu. Akalitazama lile dumu la sheli kwenye trela lake, akamtazama Dewey, akaanza kukunja mpira wake. "Sheria inaniambia nipime mafuta. Haijaniambia nipime hewa. Dewey, wa tatu. Verlin, msimu ujao unajaza mbele ya macho yangu, unalipa kwanza, na chenji sina."

Zawadi zikatolewa juu ya trela la nyasi. Habari za Verlin zilishazunguka mabenchi yote, na watu hawakujua wamtukane au wamnunulie chakula. Mwizi wa mwendo tunamjua, mwizi wa kuchelewa hatujapata jina lake. Dewey akapewa kombe, akalikumbatia kama mtoto mchanga, akaombwa aseme neno. Akasafisha koo.

"Namshukuru mke wangu," akasema. "Namshukuru dada yangu kwa soseji. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru shemeji yangu Verlin, kwa ubahili wake."

Watu wakacheka kwa sababu Dewey anacheka. Rosalie akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama na karatasi ya jibini ya kukaanga aliyonunuliwa na mtu mwingine.

"Ubahili wako umemfanyia nini kaka yangu?"

"Kula kabla haijapoa," akasema Verlin, na akamsogezea ile karatasi, yote.