Kinyonga kwenye Sanduku Lisilovuja

Mtaani wanamwita Milimita. Amekata vioo kwa miaka thelathini na minane, na ukimwagiza dirisha hutaona pengo la kupitisha hata unywele. Mkewe naye alimwita hivyo hivyo, mara kwa mapenzi, mara kwa kuchoka.

Mke huyo alifanya kazi kwenye kitalu cha maua hadi macho yalipoanza kumsaliti. Presha ya macho, daktari alisema. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia alisema litadumu mwaka mmoja, pengine pungufu. Akarudi nyumbani, akaweka kiti chake karibu na dirisha la sebuleni, akamwambia mumewe anataka kitu kimoja tu: bustani ndogo ndani ya kioo, yenye joto na unyevu kama kibanda cha miche alichokizoea, na humo kiumbe kinachotembea. Apate cha kutazama wakati bado anaona.

Milimita alilitengeneza sanduku kwa siku nne. Sentimita tisini kwa arobaini na tano, kimo sitini. Alilijaza maji kulijaribu, akalisubiri siku nzima. Halikutoa hata tone. Mkewe akatandika changarawe, akaweka udongo juu yake, akapanda kangaga na ile mimea laini ya kijani inayofunika mawe ya mtoni. Taa ya joto ikafungwa upande mmoja. Baada ya wiki mbili vioo vilitoka jasho kila asubuhi, na majani mapya yakaanza kuchomoza yakiwa yamejikunja.

"Sasa wapangaji," mke alisema. Alikuwa ameshawachagua. Kwanza wale wadudu wadogo wa kijivu wanaojificha chini ya vyungu, maana hula majani yaliyooza na sanduku likajisafisha. Halafu vyura wa mitini, wale wasiozidi ukucha wa dole gumba.

"Vyura," Milimita alisema. "Nimekujengea jumba, wewe unanipangishia vyura."

"Wanapenda jasho, na hawahitaji nafasi kubwa."

"Majirani watanicheka."

"Kwani ni majirani watakaokaa hapa kutazama?"

Jumamosi ile Milimita alikwenda sokoni kwa muuza ndege na wanyama, akarudi na kinyonga.

"Mzee wangu, huyu hana makuu," muuzaji alikuwa amemwambia. "Hapigi kelele, hadai ada ya shule, na akinuna utamjua kwa rangi."

"Anakaa kwenye kioo?"

"Anakaa popote utakapomweka."

Mkewe alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo, akamtazama mgeni kwa muda mrefu.

"Ni mzuri," alisema. "Lakini huyu ni wa matawini, Milimita. Anataka upepo umpitie. Humu hewa imesimama. Toa kioo cha ubavuni utie wavu."

"Nitoboe kazi nzima kama ile?"

"Itoboe."

"Nitaangalia."

Hakuangalia. Watu walianza kupita kumwona kinyonga. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alisema mnyama ana bahati, amepata nyumba ya vioo ilhali yeye na watoto wake wako kwenye mabati. Milimita alicheka, kisha akamwonyesha jinsi kifuniko kilivyokaa. Mkewe alimkumbusha wavu mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne aliomba kifuniko kiachwe wazi. Milimita alikifungua mchana, jioni akakirudisha: unyevu ungetoka na mimea ingekauka. Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana alilishikilia. Mimea ilitaka unyevu ubaki, mnyama alitaka hewa ipite, na mnyama huyo Milimita ndiye aliyemchagua.

Wiki ya sita mkewe aliuliza, "Mbona tangu jana namwona mahali pale pale?"

Milimita alichungulia. Kinyonga alikuwa akipumua mdomo wazi, macho yamedidimia. Alhamisi asubuhi walimkuta chini ya kangaga, amekufa, rangi imempauka.

"Usilete mwingine," mke alisema.

Hakugomba. Aligeuza kiti kikaelekea mlangoni, na kwa miezi mitatu hakukirudisha. Milimita anasema afadhali angegombezwa.

Katika miezi hiyo mitatu alikuwa akipita mbele ya sanduku kila siku na kisu cha kukatia kioo mfukoni. Siku alipokitoa, kazi ilimchukua dakika ishirini. Alikata ukanda wa sentimita kumi kwenye kifuniko, akatia wavu. Akaenda kitaluni, akajieleza kwa wenzake wa zamani wa mkewe, akarudi na wadudu kwenye kopo na vyura watatu ndani ya majani mabichi.

"Umeleta nini?" mke aliuliza.

"Wale wako."

Mkewe aligeuza kiti mwenyewe. Akasogeza uso, pua ikagusa kioo kama siku ile. Akakaa hivyo kitambo, kisha akaegemea nyuma.

"Naona mwanga wa taa," alisema. "Zaidi ya hapo, basi."

Siku hizi kila alasiri Milimita hunyunyiza maji ndani ya sanduku, na vyura wakishalowa huanza kulia. Mkewe huinamisha kichwa.

"Huyo yuko wapi?"

"Katikati, sentimita ishirini na mbili kutoka pembeni."

"Rangi?"

"Kijani."

"Kijani cha namna gani?"

Hapo hukwama. Ametazama kioo maisha yake yote akitafuta mkwaruzo na kiputo. Kilichokuwa nyuma yake hakikumhusu. Wiki iliyopita alisema ni kama jani la kangaga kabla halijajikunjua.

"Hapana," mkewe alisema. "Hao nawajua. Tazama tena."

Milimita alifuta kioo kwa mkono wa shati, akapiga magoti, akatazama tena.